Mita Mbili za Stamena

Jumamosi ya pili ya Septemba, saa tatu asubuhi, Desanka alifungua mlango wa stoo ya uani na reki tatu zikamwangukia begani. Hakulalamika. Kilo sitini za pilipili hoho nyekundu zilikuwa zikimngoja barazani, zichomwe, zimenywe, zipikwe ziwe ajvari ya kulia mkate majira yote ya baridi, na chupa zake hazikuwa na pa kukaa. Tena ajvari ni kazi ya watu wawili wanaopokezana mwiko huku wakisengenya, na mwaka wa kumi na tisa sasa Desanka alikuwa akikoroga peke yake.

Mumewe, Velimir, hakuwahi kutupa kitu maishani. "Iache, itafaa," ndiyo ilikuwa sala yake. Desanka alitoa nje toroli lisilo na gurudumu, gurudumu lisilo na toroli, mipira ya kumwagilia iliyopasuka na ndoo mbili za misumari iliyopinda. Nyuma kabisa, chini ya turubai, akakuta ardhi.

Ilikuwa imeviringishwa kama jamvi na kufungwa kwa kamba ya katani. Aliposogeza ukingo wake aliona udongo mweusi wenye unyevu, tuta la vitunguu, mti mdogo wa plamu uliolazwa ubavu, na sisimizi wakiendelea na shughuli zao. Upana wake ulikuwa mita mbili kamili. Akaitambua papo hapo kuwa ni ya jirani yao, Stamena.

Miaka kumi na tisa nyuma, Stamena alikwenda kortini akasema ameamka na kukuta bustani yake imepungua mita mbili. Mpimaji akaja, akapima mara mbili, akaona uzio upo palepale na ardhi ya Velimir haijaongezeka hata kidole. Bustani ya Stamena tu ndiyo ilikuwa nyembamba, na wembamba si kosa la jinai. Kesi ikatupwa. Tangu hapo kijiji kizima kikamwita Mita Mbili, hata muuza mkate. Desanka, shoga yake wa kufa na kuzikana, alikuwa amesimama mbele ya hakimu akaapa kwamba mwenzake anaota. Sasa aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

Alimkuta Velimir kibarazani akinoa kisu.

"Umeficha ardhi ya Stamena stoo."

"Sijaificha. Nimeiweka."

"Ya kazi gani?"

"Itafaa."

"Miaka kumi na tisa, mzee. Imefaa nini?"

Velimir akafikiri kwa dhati. "Bado," akasema.

"Irudishe. Kisha uende dukani ukawaambie watu."

"Nikawaambie? Wataniitaje?"

"Mwizi."

"Si unaona mwenyewe?" akasema Velimir, kwa sauti ya mtu aliyeshinda hoja, akarudia kisu chake.

Desanka alijaribu kuivuta nje, lakini ardhi ni nzito, na bila ya Velimir haikusogea. Basi akafanya alichoweza. Akatundika reki, akapanga chupa rafuni, akafagia, kisha akakata kamba na kuitandaza ardhi sakafuni. Ikaenea ukuta hadi ukuta kana kwamba stoo ilijengwa kwa kipimo chake. Mti wa plamu ukasimama, ukajikung'uta vumbi, na kwa kuwa dari ilikuwa fupi ukainama kidogo.

Kisha akazunguka uzio hadi kwenye geti la Stamena.

"Nilikuapia uongo," akasema. "Nisamehe. Ipo stoo kwetu."

Stamena alimfuata, akavua viatu mlangoni, akaingia. Akang'oa kitunguu, akakinusa.

"Hivi nilivipanda Jumatano," akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kujiona mwehu, Desanka. Kweli nakwambia. Nilikuwa naupima uwanja kwa nyayo, kila asubuhi."

"Najua. Nilikuwa nakuchungulia dirishani."

"Na ukanyamaza, mbwa we."

"Nikanyamaza."

Stamena akafuta macho kwa mkono wa gauni lake. "Haya, huo moto umeshauwasha, au pilipili zako zinasubiri hakimu?"

Walichoma na kumenya mchana kutwa. Walipokezana mwiko, wakasengenya harusi tatu na talaka moja, na Desanka alicheka hadi akaketi chini. Chupa arobaini na mbili zilijaa.

Siku hizi Stamena huja kila asubuhi baada ya kahawa. Hubisha hodi, hungoja Velimir atafute ufunguo, kisha huingia kupalilia. Plamu ziliiva Januari, tamu kweli, naye akampelekea Velimir bakuli zima, akalipokea. Kijiji kinajua kila kitu, maana Desanka alikwenda dukani mwenyewe akasema. Walimsikiliza kwa adabu, wakaulizia plamu. Muuza mkate bado humsalimu mwenye bustani vilevile: "Mita Mbili, leo mikate mingapi?"

Jioni, Stamena akimaliza, Velimir husimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Kung'uta viatu, jirani," humwambia kwa upole. "Udongo usitoke nje."

Stamena huvikung'uta, kimoja kimoja, hadi nyayo ziwe safi, kisha Velimir hufunga.