Sauti Iliyobaki Myanga

Jumamosi asubuhi Phelista aliifunga kompyuta ya nyumbani kwa leso, akaibeba mgongoni kama mtoto, akatoka mtaani kwake Tuwan kwenda kwa Kang'ethe, fundi wa mjini Kitale. Kang'ethe alitengeneza kompyuta, alipiga picha za pasipoti na kuuza chakula cha vifaranga, kwa hiyo wateja wake walisimama foleni moja, wengine na kuku kwapani.

"Haiwaki," Phelista alisema zamu yake ilipofika.

Kang'ethe aliichomeka. Skrini ilibaki nyeusi, kisha yakatokea maandishi meupe kwamba faili za mfumo hazipo. Aliyasoma huku akimalizia chai.

"Hii ni kitu ndogo, Mama Lenah. Vitu vyako viko, picha na nini. Zile zimekosekana ni za mashini yenyewe, za kuifanya ijue ni kompyuta."

"Na ile video ya Baba Lenah?"

"Iko pia. Ni vile tu hakuna wa kuifungua."

Phelista hakuja kwa sababu nyingine. Siku walipoinunua kompyuta, mumewe Wanjala aliketi mbele yake na sweta lake la kijani, akaijaribu kamera, akamwambia Phelista, aliyekuwa jikoni, neno fulani. Ilikuwa video fupi. Neno lenyewe Phelista alikuwa amelisahau. Alikumbuka tu kwamba mwishoni Wanjala alicheka. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote. Hata simu yake iligawiwa baada ya mazishi.

Kang'ethe aliiambia kompyuta ijikague. Ilijikagua polepole, ikanguruma kidogo, kisha ikaandika: Faili tatu hazipo. Zimepatikana Myanga, kwa watu wa marehemu. Haziwezi kurekebishwa kutoka hapa.

"Ziko kwa mashemeji zako," Kang'ethe alisema.

"Najua. Nilikuwepo zikitolewa."

Ilikuwa ile siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, pale Myanga, nyumbani kwao Wanjala. Mali yake ilipangwa juu ya mkeka: koti, redio, viatu, jembe, simu, baiskeli. Kila kitu kilipata mtu. Ilipobaki kompyuta, watu watatu waliitaka, na kaka mkubwa, mzee Walubengo, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa, akasema kwamba kitu cha marehemu hakikatwi kwa panga. Hugawiwa kilicho ndani. Alifungua ubavu wa kompyuta, akaingiza mkono taratibu kama anayetoa mayai chini ya kuku, akatoa faili tatu. Zilikuwa nyembamba kama chapati na bado zilikuwa na joto. Ya kuwasha aliichukua mwenyewe. Ya saa alimpa dada yao Nabwile. Ya sauti alimpa mdogo wao, Hesbon. Kisha wakamkabidhi Phelista boksi, skrini, na ile panya ya kubofya, na watu wakasema kwamba mjane ametendewa vizuri. Kuna boma ambako angebaki na waya peke yake.

"Hakuna shida," Kang'ethe alisema. "Faili ikikosekana unaazima kwa kompyuta nzima. Ngoja nitoe kwa ile yangu ya nyumbani."

Alizinakili na kuziweka. Kompyuta ikawaka vizuri, na saa ikawa sahihi. Phelista akaifungua video. Wanjala akatokea na sweta lake, akafungua kinywa, na sauti nzito ya mzee mwingine ikatoka humo ikilalamika kwa Kikikuyu.

Kang'ethe aliweka kikombe chini.

"Huyo ni Mjomba Wachira," alisema. "Sijamsikia tangu tumzike."

Walimsikiliza wote mpaka mwisho. Foleni nayo ilisikiliza.

"Anasema nini?" Phelista aliuliza.

"Ati viazi zimeoza kwa stoo na hakuna mtu anajali." Kang'ethe alijipangusa macho kwa kitambaa cha kufutia skrini. "Na ni ukweli, hatukujali."

"Pole. Lakini si yeye."

"Si yeye, kweli. Kuwasha na saa zinaweza kuwa za mtu yeyote. Sauti lazima uende uitoe huko Myanga."

Aliiondoa sauti ya mjomba wake kwa uangalifu, akairudisha kwake.

Phelista aliiacha kompyuta kwa Kang'ethe, na kesho yake akafika Myanga, watu wakitoka kanisani. Kitu cha kwanza alichosikia ni kinu cha mzee Walubengo. Injini ya kinu hicho iliuzwa zamani, na kwa miaka mingi kuku walikuwa wakitagia ndani. Sasa kilikuwa kikisaga. Walubengo alisimama kando yake, amejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Mulembe, Mama Lenah. Ile ya kuwasha imetusaidia sana," alisema. "Nakiambia tu, kinaanza. Marehemu alikuwa na kitu kizuri, na hakutuambia."

Nabwile naye alikuwa akipita na jogoo wake, ambaye siku hizi aliwika kila saa inapotimia wala si vinginevyo. Kanisa lilikuwa limeacha kupiga kengele. Nabwile alimsalimia Phelista, akamwomba radhi kwamba hawezi kusimama, kwa kuwa saa saba ilikuwa inakaribia na jogoo alitakiwa na Wakatoliki.

Njia ya kwenda kwa Hesbon ilipitia shamba la chini, lile la kando ya mto, ambalo Phelista na Wanjala walilima maharagwe tangu walipooana. Maharagwe yalikuwa yameanza kukauka. Pembeni kulikuwa na nguzo zimelazwa, na kamba ndefu imevutwa katikati ya mistari yake.

"Hizi nguzo ni za nini?" alimuuliza Walubengo, aliyekuwa akimsindikiza.

"Tunapima tu."

"Mnapima nini na maharagwe yangu iko ndani?"

"Tunapima kando ya maharagwe, mama. Hakuna mtu ameigusa."

Phelista aliiruka kamba, akaendelea na njia. Alikuwa amekuja kwa jambo moja, na aliogopa kwamba akilianza la pili watamnyima la kwanza.

Alipiga hodi kwa Hesbon.

"Nani huyo? Karibu, karibu ndani," Wanjala alisema kutoka nyuma ya nyumba.

Phelista alisimama mlangoni. Alishika fremu.

"Ni mimi," alisema.

Hesbon alitokea akipangusa mikono. Zamani alikuwa na sauti nyembamba, na kwenye mikutano watu walimkatiza kabla hajamaliza kusalimu. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na hakukuwa na harambee wala mazishi ambayo hakuitwa kuongoza. Mkewe, Mary Ann, aliweka chai.

"Hata mimi nimemzoea," Mary Ann alimwambia Phelista. "Mwanzoni akiitisha ugali nilikuwa naona kama mgeni ameingia, najikuta nimechinja kuku. Tulimaliza kuku."

"Shemeji," Phelista alimwambia Hesbon, "nimekuja kuomba hiyo sauti."

Hesbon aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya.

"Nikikupa, nitabaki na nini? Ile yangu nilimpa Absalom wa kanisani, walikuwa wamekosa mtu wa sauti ya kwanza kwa kwaya. Na wanasema inawafaa sana."

"Ni ya mume wangu."

"Ilikuwa. Ilipita kwa mkeka, shemeji, mbele ya wazee, na wewe umekaa hapo. Wewe ulipata boksi. Kuna mtu amekuja kukuitisha boksi?"

"Boksi haiongei."

"Si lakini ni yako, bana. Hakuna mtu atakusumbua."

Alisema hivyo kwa upole, na kwa sababu ilikuwa sauti ya Wanjala, Phelista alijikuta ametikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akikubali kila mara Wanjala alipoongea kwa upole. Alipogundua, Hesbon alikuwa ameshamshukuru.

"Basi sema kitu kimoja niende," alisema Phelista. "Kuna neno aliniambia kwa ile video. Halafu akacheka."

"Neno gani?"

"Sijui. Ndiyo nataka kujua."

Hesbon alifikiri sana. Alijaribu moja linalohusu mvua, jingine linalohusu ng'ombe, na jingine kwamba chumvi imezidi. Baada ya kila moja alicheka, na cheko lilikuwa lenyewe kabisa. Lakini Phelista alitikisa kichwa kukataa. Sauti ilikuwa hapo. Neno halikuwa limegawiwa mtu yeyote.

"Nitakuwa nakupigia," Hesbon alisema walipoagana. "Hiyo siwezi kukataa."

Walimpa kuku kutoka kwa Walubengo, kama ilivyo desturi, wakamsindikiza hadi barabarani, wakipita njia ya juu isiyofika shambani.

Kang'ethe alimwona amerudi na kuku tu.

"Nikuwekee sauti nyingine?" alisema. "Iko moja ya mwalimu fulani, haina mwenyewe."

"Acha hivyo hivyo."

Kompyuta ikarudi Tuwan, ikakaa mezani chini ya kitambaa chake. Kila jioni baada ya kulisha yule kuku, Phelista aliiwasha, na Wanjala akafumbua na kufumba kinywa bila sauti, akacheka bila sauti, akakoma. Hakukuwa na kasoro nyingine. Saa ilikwenda vizuri.

Jioni moja wakati wa kuvuna maharagwe, Hesbon alipiga simu. Phelista aliiweka simu juu ya kompyuta, akafungulia spika, akabofya video.

"Shemeji, habari ya huko," Wanjala alisema kwenye skrini, na midomo yake ikalingana. "Hiyo shamba ya chini tumeweka ua. Walubengo ndiye amechukua. Ameona akina mama hawawezi kulima mbali na nyumbani."

"Na maharagwe yangu?" Phelista aliuliza.

"Maharagwe ilibidi tutoe. Lakini tulitoa vizuri, ilijaa gunia. Tunaikula. Miti pia ile ya kando imekatwa, ya nguzo."

"Na nyumba yetu ya huko?"

"Nyumba tumetoa mabati tu, ile ya mbele. Kuta ziko zote."

"Na choo?"

"Ah, shemeji," Wanjala alisema, akainamisha kichwa kidogo ndani ya sweta la kijani. "Choo bado."

Akacheka. Meno yake yalionekana yote, na mabega yakatikisika kama zamani, na cheko likajaa chumbani mpaka kuku akainua kichwa. Kisha video ikafika mwisho, ikaganda.

Phelista alivuta kiti karibu. Alirudisha video mwanzo, akaacha kidole juu ya panya.

"Sikusikia vizuri, shemeji," alisema. "Hebu anza tena, kutoka pale kwa shamba."