Hakuna Mama Nyumbani

Ndani ya duka la kufulia nguo, Corinne hakutulia. Alikaa, akasimama, akaizunguka mashine iliyokuwa ikifua nguo zake, akakaa tena. Insulini iliyobaki kwenye jokofu lake ilikuwa ya kukwangua, na asubuhi ile mwenye duka la dawa alikuwa amemwambia, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba bima yake ya afya imefungwa.

Marva, aliyelelewa naye katika nyumba moja ya malezi ya serikali hapo mjini Toledo, alikuwa akikunja mashuka. Akataka kujua aliwajibu nini watu wa bima ya serikali walipompigia kuhakiki taarifa zake. Corinne akapiga chenga mpaka chenga zikamwishia. Walimuuliza anaishi na nani, akasema na mama. Walipotaka kujua mshahara wa huyo mama, akakata simu.

"Mama yupi, mwenzangu?" Marva akauliza. "Yule uliyemwona mara ya mwisho ukiwa na meno ya utoto?"

"Ningesema nini sasa?"

"Ungesema kweli."

Kweli ndiyo iliyomshinda. Tangu shule alizoea kujipachika mama: mama yuko zamu, mama anaumwa, mama atakuja kikao kijacho. Ukisema umelelewa na serikali, walimu hulainisha sauti na wenzako hukagua mikoba yao. Safari hii uongo ulikuwa umemtoka wenyewe, kama chafya. Tena aliamini kwamba hata akisema kweli, mshahara wa kazi yake mpya ya ghalani utamnyima bima.

Marva akacheka hadi shuka likamponyoka. "Ulipofika miaka kumi na minane ulikuwa bado mikononi mwa serikali, na bima yao ulikuwa nayo. Basi ni yako mpaka utimize ishirini na sita, hata wakikupa ghala zima. Mshahara wako hawauulizi, sembuse wa mama wa kubuni. Mimi natumia hiyo hiyo. Lakini watakufunguliaje, dada, na wewe unabisha hodi nyumba ya jirani?"

Corinne akapiga simu, akitembea huku na huko kati ya mashine. Ilipopokewa, karani hakumsikia kwa mvumo, akamwomba apaze sauti. Kwenye benchi alikaa Dwight wa ghalani, mtu ambaye mdomo wake hauna kufuli.

Corinne akageukia ukuta. Kisha akageuka tena.

"Sina mama nyumbani," akasema kwa sauti ya kuzishinda mashine. "Nimelelewa na serikali mpaka nilipotimiza kumi na minane, na bima yenu nilikuwa nayo. Niliwadanganya."

Dwight akainua kichwa. Karani, kama anayeuliza bei ya nyanya, akauliza alilelewa jimbo gani na mpaka mwaka gani, kisha kama kuna dawa inayokaribia kuisha. Akamwambia asikate, anairekebisha sasa hivi.

Miguu ilitaka mlango. Corinne akabaki. Dwight alipofungua mdomo, akamwinulia kidole.

"Subiri kwanza, kaka. Naongea na bima yangu."