Mlima Usio na Mlango

Kinyozi alikuwa na kompyuta nzuri kuliko zote mtaani, na hakuna aliyeweza kuitumia ila yeye. Tangu aweke Linux, mfumo unaomwacha mtu abadilishe kila kitu, mikono haikumtulia: leo anahamisha upau wa chini, kesho anaufuta, keshokutwa anabadilisha rangi za madirisha. Mwishowe kwenye skrini ikabaki picha ya mlima tu. Kila kitu kilifunguka kwa vitufe vya kibodi, tena vitufe alivyojipangia mwenyewe. Mkewe, mwalimu wa hisabati, alilalamika kwamba mlima ule hauna mlango. Kinyozi akamjibu kuwa ukitaka uzuri sharti udhurike. Aliyedhurika, bila shaka, ni mke.

Asubuhi ya mtihani, kinyozi alikuwa akimnyoa mwalimu mkuu wa shule ya mkewe. Mzee huyu alikwishamwonya mke huyo kwamba akichelewesha karatasi tena, darasa la watahiniwa atapewa mtu mwingine. Akauliza, macho ameyafumba, kama mtihani uko tayari. Kinyozi, ili kumkinga mkewe, akajibu kwamba umechapwa tangu jana.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, nyumbani, ametumbuliana macho na mlima.

Kinyozi akaibana simu begani. Mkewe akamweleza kwa sauti ya kulia kwamba mtihani aliouandika humo hauonekani, printa inawaka bure, na darasa lake ndilo hilo linakwenda. Vitufe alikuwa amevibadilisha juzi, na vilikaa vidoleni, si akilini. Bila vidole kugusa kitu, hakukumbuka hata kimoja.

Akaweka wembe chini. Meza ilikuwa imejaa chupa, basi vidole vikatua palipokuwa wazi: juu ya kichwa cha mwalimu mkuu, kilichonyolewa nusu na kujaa povu. Kidole gumba nyuma ya sikio, cha kati utosini.

"Shikilia kile cha pembeni, chini," akanong'ona. "Halafu M. Hapana, subiri."

Vidole vikapiga tena, mbiombio, mpaka povu likamrukia mzee puani. Kinyozi akamweleza kuwa huko ni kukanda kichwa, mtindo mpya. Kisha simuni printa ikaanza kukoroma, na kinyozi nusura alie kwa furaha.

"Shemeji," mwalimu mkuu akasema, bado amefumba macho, "mwambie mwalimu wangu asije akikimbia. Na mimi siwezi kutoka hapa na nusu kichwa."

Kinyozi aliona haya. Akamalizia kichwa kile polepole, polepole mno, mpaka mkewe alipopiga simu kusema amefika shuleni.

Jioni aliketi mbele ya kompyuta, akaweka katikati ya mlima kitufe kimoja kikubwa, chekundu, kimeandikwa CHAPA. Kilimuuma kama kidonda. Mkewe akakitazama.

"Hapo sasa pana mlango," akasema.

Kinyozi akaomba ruhusa ya kubadilisha rangi tu. Akanyimwa.