Mama Wali Apewa Kiti

Sahani ya kwanza ilipotua mbele yake, Mama Wali hakuhitaji hata kuonja. Punje zilikuwa zimepondeka, na siki ilimpanda puani kabla hajainama. Aliyepika amekoroga. Wali wa sushi haukorogwi. Unakatwakatwa kwa mwiko, taratibu, huku mtu anaupepea, mpaka upoe ufikie joto la kiganja. Miaka minane amefanya kazi hiyo kule jikoni, na leo, siku yenyewe, mtu ameukoroga kama saruji.

"Kula basi," dada yake alimnong'oneza. "Mbona unaukodolea macho kana kwamba umekuibia?"

"Umeniibia kweli," alisema.

Mgahawa ule ulikuwa mdogo, meza saba na kaunta moja, ila menyu yake ilitaka kuimaliza Asia yote: tambi za supu, kari za nazi, na sushi, yaani donge la wali lenye kipande cha samaki juu, iliyofinyangwa mbele ya macho yako. Mwenye mgahawa alikuwa na sharti lake, na hakulivunja hata siku moja. Anayetaka kusimama nyuma ya kaunta lazima kwanza akae mbele yake mchana kama mteja, aje na mtu wake, ale, kisha amwambie yeye usoni alichokiona. "Huwezi kumlisha mtu kwenye kiti usichowahi kukikalia," ndivyo alivyopenda kusema, na kwa kweli halikuwa neno baya.

Ubaya ni kwamba wanaume wawili waliomkuta Mama Wali jikoni walishakalishwa kiti hicho, wakafaulu, wakaenda zao kufungua migahawa yao. Yeye alipigwa danadana. Mara subiri mwezi ujao, mara wali bado unakuhitaji. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Huyu alizitazama zikiiva, zikaliwa na wengine. Sasa Fundi wa kaunta anahamia kwa wakwe zake mwisho wa mwezi, nafasi ni moja tu, na hatimaye Mama Wali akaitwa akae.

Na kwa kuwa amekaa, chungu cha wali alikabidhiwa mwosha vyombo.

Alikula kipande kimoja, kisha cha pili. Samaki alikuwa amekatwa vizuri, kwa mshazari, mkono wa Fundi haujawahi kukosea. Lakini wali ulikwama kwenye meno. Fundi alimtazama kwa huruma kisha akainamisha macho kwenye ubao wake. Angefanya nini, maskini? Kazi yake ni kufinyanga anacholetewa.

Mwenye mgahawa alikuja akifuta mikono. "Haya. Umeona nini?"

"Samaki mzuri. Kisu kizuri."

"Na wali?"

Angeweza kunyamaza, lakini ulimi ulikataa. "Wali umeharibika. Umekorogwa, siki imetiwa umeshapoa, na haukupepewa."

Mwenye mgahawa alitabasamu kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililouma. "Sijapata kuona ulimi kama wako. Ndiyo maana siwezi kukutoa jikoni. Nikikuleta huku mbele, wateja wangu wale wali kama huu?"

"Ningesema ni mzuri, je?"

"Ningejua hujui kuonja."

Dada yake aliweka vijiti chini. "Ngoja nielewe, bwana mkubwa. Akijua, anabaki jikoni. Asipojua, anabaki jikoni. Huu mtihani umeutunga mwenyewe au ulisaidiwa?"

Mwisho wa kaunta, muuguzi wa zahanati ya jirani, mteja wa kila wiki, alikuwa ameisukuma sahani yake. "Leo mmetupikia nini hapa?" Meza ya dirishani nayo ikarudisha sahani mbili.

"Mama Wali," mwenye mgahawa alisema, sasa kwa sauti ya chini, "nisaidie. Saa moja tu. Hawa nitawapoza kwa supu."

"Usiende," dada yake alisema.

Alikwenda. Alikwenda kwa hasira, aproni akaifunga kwa hasira, hata mlango wa jikoni aliusukuma kwa bega. Mwosha vyombo, mzee wa makamo mwenye mikono iliyolainika kwa maji, alisimama kando ya sufuria akiwa ameshika kipande cha boksi alichoandikiwa maelekezo.

"Dada, nilifuata ulivyoandika."

"Sikuandika ukoroge."

"Hukuandika nisikoroge."

Alikichukua kile kipande cha boksi akakisoma mpaka mwisho. Kweli. Vikombe vya maji, dakika za moto, siki, chumvi, sukari, kila kitu kipo. Lile moja hakuliandika, maana kwake ni sawa na kumwambia mtu asitembee kwa magoti. Miaka minane, na hajawahi kumwambia mtu.

Aliosha mchele mpaka maji yakatoka safi. Ulipoiva na kumwagwa kwenye beseni la mbao, mvuke ukiwa bado unachoma, mkono wake ulijiendea kwenye mwiko. Akaurudisha. Akampa mwosha vyombo mwiko.

"Mimi?"

"Kata. Usisukume. Hivyo. Siki sasa, ungali moto. Kata tena." Yeye alishika upepeo na kupepea, akimkazia macho mkononi, na kila alipokosea alimwambia, na mkono wake mwenyewe akaubana kiunoni usimponyoke.

Kisha alilibeba beseni. Hakulipitisha kwenye kidirisha cha jikoni kama kawaida. Alitoka nalo mlangoni akaliweka kwenye kaunta, kando ya ubao wa Fundi.

"Onja," alimwambia mwenye mgahawa.

Bwana yule alichota kwa vidole, akatafuna. Aliitikia kwa kichwa, kwa raha. "Huo sasa ndio mkono wako."

"Mkono wa mwosha vyombo. Mimi nilipepea tu. Muulize."

Mzee yule alikuwa amesimama mlangoni, jasho likimtiririka, mwiko mkononi. Mwenye mgahawa alimtazama yeye, akalitazama beseni, akachota tena.

Fundi aliusogeza ubao wake shubiri moja, ikabaki nafasi ya mtu kusimama. Mama Wali akaingia, akanawa, akalowesha viganja, akachukua donge la wali. Muuguzi alivuta kiti karibu na kuweka viwiko kwenye kaunta. Mwenye mgahawa alikuwa bado anatafuna.