Alhamisi ya Jino

Msinione mkali. Jino lilianza kuniuma kahawa ikitoa maua, na sasa watu walikuwa wanachuma. Muda huo wote nilikuwa namgeuza mume kitandani usiku na mchana. Maneno matamu ningeyatoa wapi?

Mume wangu, Nderitu, alipooza upande wa kulia. Mdomo nao ukapinda, maneno yakawa hayaeleweki. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani kwa sauti ya kujivunia, kwa hiyo aliona aibu, akaacha kusema kabisa. Akitaka maji ananitazama tu. Ningemwachia nani niende Nyeri kung'oa jino?

Ndipo kanisa letu hapa Wamagana likaanzisha zamu. Kila Alhamisi mtu aliyefundishwa kushika mgonjwa angekuja kukaa naye, mimi nitoke. Nilimshukuru Mungu. Alhamisi ikafika, akaingia Wacera, mwalimu mstaafu, nami nikafanya nini? Nikachinja kuku.

Kwetu anayekuja kuona mgonjwa haondoki bila kula. Nikaponda mukimo wa viazi na mahindi, nikapika chai, nikaosha vyombo, jua likazama. Wacera akaenda zake ameshiba, nikabaki na shavu lililofura. Alhamisi iliyofuata nikapika chapati.

Ya tatu, alikuja amebeba thamosi. Akasimama mlangoni mwa jikoni, akanizuia nisiingie.

"Mama Wendy, leo usipike. Niko na chai yangu."

"Ati uje na chai kwa nyumba yangu? Watu watasema mimi ni mchoyo!"

"Wacha waseme. Mimi sikukuja kuona mgonjwa. Nilikuja ndio wewe utoke."

"Na akitaka maji?"

"Ataniambia."

"Haongei!"

"Basi ataniangalia. Hata mimi niko na macho."

Nilikasirika, na hasira ile ilikuwa woga mtupu. Kama mtu mwingine anaweza kuyasoma macho ya Nderitu, mimi nina kazi gani pale nyumbani? Nikafunga kitambaa kichwani, nikaondoka bila kuaga. Njiani nililia, wala si kwa sababu ya jino.

Nyeri walinidunga sindano, jino likatoka. Nilirudi nusu ya uso imekufa ganzi. Nikamkuta Nderitu ameketishwa dirishani, amenyolewa ndevu, shati safi. Nikataka kumuuliza kama amekula. Midomo ikakataa. Nikatoa mlio kama wa ndama, mate yakinitiririka kidevuni.

Akanikodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nderitu alikuwa anacheka! Kicheko kilipinda kama mdomo wake, lakini kilikuwa chake, na sikuwa nimekisikia tangu augue. Nami nikacheka mpaka pamba ikanitoka mdomoni. Wacera alitutazama sote wawili tukichuruzika mate, akaketi chini kwa kucheka.

"Ni-me-ku-la," Nderitu akasema, polepole, bila aibu mbele ya mtu mwenye mdomo mbovu kama wake. "Na we-we?"

Wageni wote waliopita kwangu tangu augue waliuliza kama mgonjwa amekula. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikatikisa kichwa kwamba bado.

Wacera akafungua thamosi, akanimiminia kikombe, akakiweka kando kipoe.