Mstari wa Chaki Mnarani

"Basi nionyeshe, fundi. Wajenzi wa kale waliishia wapi, na wewe ukaanzia wapi?"

Drahomíra, mkaguzi wa magofu kutoka mjini, alikuwa juu ya jukwaa tangu asubuhi, akiupapasa ukuta wa mnara kama mtu anayetafuta swichi gizani. Vendelín, aliyeukarabati ukuta ule, alikuwa akichekelea moyoni. Ngome ilikuwa na miaka mia saba pale kileleni. Na yeye, fundi wa mabanda ya nguruwe, ameunga kazi yake na ya waliomtangulia mpaka msomi mzima kababaika!

Amri aliijua. Kazi mpya inapoanzia, laza mstari wa vigae vyekundu, watu wasidanganyike. Hakulaza hata kimoja. Alichota mchanga kijitoni, akachekecha chokaa mara mbili, akapaka mawe maziwa mgando ili kuvumwani, ule ukoga wa mawe ya kale, iote. Daktari alishamwambia mikono ile inayotetemeka haitauona msimu mwingine, naye hakutaka kufunga kazi na banda la nguruwe.

"Vigae vingeuharibu ukuta, mama."

"Huu si ukuta, ni uwongo. Utabomolewa mpaka ulipoanzia. Chora."

Imrich, aliyemchanganyia chokaa miaka yote, akamrushia chaki. "Si ulijitia bingwa? Haya, chora tukale, mkate unakauka."

Vendelín alitazama. Jiwe hili alilipandisha yeye? Na lile? Alitafuta mahali pa kuanzia, asipaone, jasho likamtoka. Angesemaje kwamba hajui? Akachora chini kidogo ya kifua, mstari ukaenda upogo.

"Hapa."

Wakaanza juu. Kila jiwe lililong'oka na kuonyesha ubavu wake wa ndani sasa alilikumbuka, hata siku aliyolilaza, na kila moja lilimuuma. Imrich aliyapokea na kuyatupa kwenye rundo.

Zilipobaki kozi tatu, yaani safu tatu za mawe, kuufikia mstari, tindo ikagoma. Akapiga tena. Chokaa iliyomeguka ilikuwa na vipande vya mkaa, vyeusi, vikubwa kama kunde. Ya kwake haikuwa na mkaa.

Kazi yake ilikuwa imekwisha bomolewa yote. Hii ilikuwa ya wale wa miaka mia saba.

"Hee, Vendo!" Imrich alicheka. "Hapa ulikaza, bwana! Hapa ulifanya kazi!"

"Endeleeni," Drahomíra alisema kutoka chini, akiandika. "Bado kozi tatu."

Neno moja la Vendelín lingetosha kuwazuia. Lakini angelisema, angekuwa mzee aliyedanganya, kisha akashindwa kuitambua hata kazi ya mikono yake. Aliwachukia wote wawili, na zaidi alijichukia mwenyewe.

"Vipi, umechoka?" Imrich aliuliza.

"Sijachoka."

Akaitia tindo kwenye ufa, akaishika kwa mikono miwili itulie.

"Piga wewe," alimwambia Imrich, akatazama pembeni.