Kibuyu cha Mtemi

Kwa mara ya pili Minza alionja pombe kabla ya kumpa mtemi kibuyu, na kwa mara ya pili Josephat, mwongozaji wa tamthilia, akashika kichwa.

“Dada, humo mna sumu! Unamuua kaka yako mtemi. Sasa umejiua mwenyewe!”

Akina mama wa Kisesa, walioletwa kuigiza wake wa mtemi, walicheka mpaka machozi. Minza hakucheka. Mkono wake ulizoea hivyo. Kwao hakuna anayempa mtu pombe bila kuionja kwanza. Tena dada halisi wa mtemi huyo wa kale ndiye aliyemzaa bibi yake Minza, na bibi yuko Mkolani, ameshawaalika majirani waje kuitazama tamthilia.

“Hakumuua,” alisema akiangalia chini. “Mtemi alikufa kwa homa.”

“Homa haina utamu. Watazamaji wanataka adui.”

“Basi mtafute mwigizaji mwingine.”

Josephat akawageukia akina mama. “Nani atampa bila kuonja?”

Kila mmoja akajitia anafunga upya kaniki yake.

“Hata mimi sikipokei,” alisema Mashimba, aliyeigiza mtemi. “Nikinywa kisichoonjwa, wazee wa huku watasema nilikuwa mtemi mjinga.”

Josephat alilitazama jua linavyoshuka, akaishia kucheka.

“Haya, onja, mama.”

Minza akaonja, akampa kaka yake kibuyu kwa mikono miwili. Mtemi akanywa mpaka kikabaki kitupu, na hakufa.